Wazee wa Kazi na Pombe katika Lubumbashi

Kwa miaka mingi, ilipofika tarehe 30 ya mwezi, mzee mmoja wa mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuwa akiamka alfajiri, akinawa uso, akivaa shati safi na kutoka nyumbani bila kusema neno. Mkewe hakumwuliza aendako, maana alijua. Mzee huyo aliacha kazi ya shaba mwaka 2003. Tangu mwaka ule hakuna kompani inayomlipa mshahara, wala hakuna dirisha linalofunguliwa kwa ajili yake siku hiyo. Walakini tarehe ikifika alitoka, naye hakurudi mpaka kesho yake, au kesho kutwa, ameshikwa mikono na watu wawili. Siku zilizobaki za mwezi hakugusa pombe. Ndiyo sababu alikuwa akituambia: "Ndugu zangu, mimi si mlevi. Mlevi ni yule anayekunywa kila siku."

Tusimtaje jina. Wasomaji wetu wengi wamjua mtu wa namna yake, kwa kuwa kila barabara ya mji huu inaye mmoja, au watano. Lakini tumeifikiri sana ile tarehe 30. Kwa nini mwili wa mtu uendelee kuhesabu siku ya mshahara miaka mingi baada ya mshahara kukoma? Twaweza kujibu upesi kwamba mazoea yana taabu, kisha tukaenda zetu. Ni kweli, lakini mazoea haya hayakuanza na mzee huyu. Umri wake ni umri wa mji wenyewe. Kabla ya kumlaumu, na kabla ya kumfundisha namna ya kuacha, yafaa tujue jinsi pombe na kazi zilivyofungwa kamba moja hapa Lubumbashi tangu siku za kwanza.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika hapa, na mji ukaanzishwa kwa jina la Élisabethville. Mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika kiwanda cha kuyeyushia karibu na mto Lubumbashi. Dohani ya kiwanda hicho yaonekana hata leo, pamoja na kile kilima cheusi cha mavi ya shaba ambacho watoto wa mji huu hukichora shuleni kabla ya kujua kuandika majina yao. Watu wa kazi hawakupatikana hapa karibu. Walitafutwa mbali, wengine katika vijiji vya Katanga, wengine katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo yaitwa Zambia. Walikuja wanaume peke yao, kwa mapatano ya miezi michache, wakalala katika vibanda vilivyojaa watu, na wengi wakafa kwa magonjwa.

Wanaume hao walikuwa wakinywa pombe huko kwao. Tusijidanganye kwamba Mzungu ndiye aliyewafundisha kunywa. Lakini pombe ya kijijini ilikuwa na mpaka wake ndani ya mtungi. Ilikuwa pombe ya ulezi au ya mtama, na wanawake waliipika kwa siku nyingi. Haikupikwa kabla ya mavuno kuingia ghalani, na ilipopikwa ilikuwa na sababu: msiba, arusi, au watu walioitwa kulima shamba la jirani. Wazee walikaa mbele, vijana nyuma. Mtungi ukiisha watu wakaenda kulala, maana hapakuwa na mtungi mwingine wa kununua. Hata aliyetaka kulewa juma zima hakuweza.

Mjini hapakuwa na mavuno. Au tuseme hivi: mavuno ya mjini yalikuwa siku ya mshahara. Siku hiyo ndiyo iliyochukua mahali pa ghala na pa arusi, na watu walioletwa kutoka makabila ishirini, wasiojuana, wakajifunza kujuana siku hiyo kwa kunywa pamoja. Tofauti ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Mavuno ya kijijini huja mara moja kwa mwaka, hali mshahara huja mara kumi na mbili. Na mtungi wa mjini hauishi mpaka fedha ziishe.

Serikali nayo ilitia mkono wake. Tangu mkutano wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yamepatana kuzuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia daraja 20 kaskazini ya ikweta hata daraja 22 kusini yake. Katanga yote imo humo. Mapatano ya Saint-Germain ya mwaka 1919 yakakaza amri hiyo. Hivyo Mwafrika wa Élisabethville alikatazwa pombe kali za Wazungu, na Mzungu wa jirani yake akizinywa kila jioni barazani. Wengine walisema sheria ile ilimlinda Mwafrika, wengine wakasema ilimfanya mtoto. Sisi twaona ilifanya yote mawili. Bia haikuhesabiwa kuwa pombe kali, nayo ikabaki wazi. Katika miaka ya 1920 viwanda vya bia vilianza kazi katika Kongo, kimoja hapa hapa mjini kwetu, na tangu hapo Simba, na baadaye Tembo, hayakuwa tena majina ya wanyama tu kwa mtu wa Katanga. Aliyeshindwa bei ya chupa alikunywa kwa siri lutuku, yaani pombe inayopikwa kwa mahindi na mihogo, ambayo mvuke wake hupitishwa katika bomba na kupozwa kwa maji mpaka itone tone moja moja.

Karibu na mwaka 1928 Union Minière ilibadili njia yake. Iliona kwamba kuleta watu wapya kila miezi sita na kuwazika ni hasara. Ikaanza kuwaweka wafanyakazi kwa miaka mingi, pamoja na wake na watoto wao. Kambi zikajengwa nyumba za matofali. Kompani ikatoa posho kila juma, yaani unga, nyama, mafuta na chumvi. Ikatoa dawa, mkunga na mzani wa kupimia watoto. Wamisioni wakafundisha watoto katika shule za kambini. Ndipo ulipozaliwa msemo ambao wazee wa hapa wanausema hata leo kwa Kiswahili cha kwetu: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Wasiokaa Katanga wajue kwamba "njo" ni "ndiyo".

Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, maana katika jambo hili ndimo tunamoona mzizi. Mtu aliyepewa nyumba, unga, dawa na shule ya watoto, mshahara wake wa fedha ni wa nini? Ulikuwa mdogo, ni kweli, na watu waliulalamikia. Lakini fedha zile chache zilikuwa fedha zake mwenyewe, zisizo na kazi ya lazima. Alinunua baiskeli, alinunua kitambaa cha mkewe, alilipa mahari ya mdogo wake, na alikunywa. Nyumba haikulala njaa kwa sababu ya chupa ya baba, kwa kuwa unga ulitoka kwa kompani. Basi mwanamume alijifunza kwamba fedha ya mwisho wa mwezi yaweza kumalizika yote bila mtoto kulia. Somo hilo alilirithi mwanawe, aliyeajiriwa kiwandani humo humo, na mjukuu baada yake.

Lakini kompani iliyompa kiu ndiyo pia iliyomjengea ua. Tanuru za shaba haziwezi kuzimwa usiku. Kazi ilikwenda kwa zamu tatu, mchana na usiku. Mtu aliyechelewa alikatwa siku yake. Mtu aliyefika mbele ya tanuru akinuka pombe alirudishwa, na akirudia alifukuzwa, na aliyefukuzwa aliondoka kambini yeye na mkewe na sufuria zake. Kwa hiyo alikunywa tarehe 30, akanywa Jumapili, lakini king'ora kilipolia alikuwa amesimama kwenye mstari. Wako wazee wengi ambao walikunywa hivyo kwa miaka thelathini wasikose zamu hata moja, na hujisifu kwayo. Wana haki ya kujisifu. Ila hawakutambua kwamba aliyeshika kiasi hakuwa wao, alikuwa king'ora.

Na wale waliozeeka siku zile? Mwanzoni jambo hili halikuonekana sana mjini, kwa sababu mji haukutaka wazee. Mtu aliyekwisha nguvu aliacha nyumba ya kambi na kurudishwa kwao. Huko alikuta tena mtungi wa kijijini, na shamba, na wajomba wa kumkemea. Pensheni ya wafanyakazi iliwekwa kwa sheria mwaka 1956, na mwaka 1961 chombo cha serikali cha kutunza akiba hizo kikaundwa. Lakini kufikia hapo wengi walikuwa watoto wa mji. Waulize kijiji chao ni kipi, watakutajia Kenya, Kamalondo, au namba ya kambi.

Mwaka 1966 Élisabethville iliitwa Lubumbashi, na tarehe 1 Januari 1967 serikali ilitwaa mali ya Union Minière. Kompani mpya ikaja kuitwa Gécamines. Jina lilibadilika lakini baba hakubadilika, posho na hospitali viliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na mwaka 1986 ilitoa shaba tani zaidi ya 470,000. Aliyeyaona mabaa ya mtaa wa Kenya mwisho wa mwezi katika miaka ile hatasahau: muziki ulipigwa hata alfajiri, na meza moja ilikuwa na chupa nyingi kuliko watu.

Kisha baba akaugua. Mwezi wa Septemba 1990 machimbo ya chini ya ardhi ya Kamoto, karibu na Kolwezi, yaliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika Katanga kwa maelfu, na kati yao walikuwamo mafundi na makapita wenye kazi ya miaka ishirini na zaidi. Doa hilo la mkoa wetu halijafutika. Katikati ya miaka ya 1990 shaba iliyotoka kwa mwaka haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha miezi mitatu, kisha watu wakaacha kuhesabu. Fedha za nchi zilipoteza thamani upesi hata pensheni ya mwezi haikutosha kununua mkate. King'ora kikanyamaza.

Mtu angedhani kwamba fedha zikikosekana na pombe itakoma. Haikukoma, ilishuka bei. Aliyekuwa akinywa Simba alihamia kwenye lutuku. Na nani aliyepika lutuku? Mara nyingi alikuwa mke wa mfanyakazi yule yule asiyelipwa. Posho imekwisha, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, naye ana pipa, bomba na gunia la mahindi. Tumewasikia watu wakiwalaani mama hao barabarani. Sisi hatuwezi. Twawajua wasichana wauguzi na vijana walimu waliosomeshwa kwa tone la lutuku. Pia twajua kwamba kikombe kilichomlipia mtoto wa mama huyu ada ya shule kilitoka mfukoni mwa baba wa mtoto mwingine, ambaye hakulipiwa. Wenye kutafuta mkosaji mmoja katika habari hii watachoka bure.

Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ukaja mpango ulioitwa kwa Kifaransa "Départs Volontaires", yaani kuondoka kwa hiari. Wafanyakazi wa Gécamines waliotumika miaka 25 na zaidi waliambiwa kwamba wakikubali kuacha kazi watapewa fedha mara moja. Waliokubali walikuwa 10,655. Kama ilikuwa kwa hiari, waulizwe wenyewe. Mtu ambaye hajalipwa kwa miezi mingi hana hiari nyingi. Wengi waliona kwamba walichopewa ni kidogo kuliko haki yao, na malalamiko yakaendelea kwa miaka. Fedha zililipwa kwa dola. Wako walionunua kinu cha kusagia mahindi, wako walionunua gari chakavu la abiria likafa mwaka ule ule, wako waliolipa madeni wakabaki na bahasha tupu.

Mzee wetu wa Katuba alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 31 ya kazi. Jioni aliyopokea fedha zake tulimfanyia karamu, na lazima tuseme hapa kwamba kreti mbili za kwanza tulizinunua sisi. Tuliona ni heshima. Hakuna mtu kati yetu aliyejua kumheshimu mzee wa kazi kwa njia nyingine. Alikunywa siku tatu. Tulicheka na kusema, "Mwacheni, amepumzika." Miezi sita baadaye tulikuwa hatucheki tena, na bahasha ilikuwa imekwisha.

Yafaa tueleze unywaji wake, kwa kuwa watu huutazama vibaya. Mtu anayejizuia siku 27 na kuanguka siku tatu hujiona yu salama, na majirani humwona yu salama. Waganga hawakubali. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni kunywa kupita kiasi mtu akimeza gramu 60 za kileo halisi katika kikao kimoja. Chupa mbili kubwa za bia zakaribia kipimo hicho. Mzee wetu alikuwa akifikisha chupa nane, kisha lutuku juu yake, na nguvu ya lutuku haijulikani hata na aliyeipika. Zaidi ya hayo mwili wa mzee una maji machache kuliko mwili wa kijana. Chupa ile ile iliyomchangamsha akiwa na miaka 30 humwangusha akiwa na miaka 65, na ini lake huisafisha polepole. Yeye hushangaa: "Mbona zamani nilikuwa nikinywa hivi na asubuhi naenda kazini?"

Alitaka kuacha. Hili twalisema kwa nguvu, maana mtaani walisema hataki. Mara ya kwanza aliapa siku ya Noeli mbele ya watoto wake wote. Akakaa salama hata tarehe 30 Januari. Mara ya pili alimkabidhi mkewe kila faranga. Akakopa kwa jirani. Kisha mambo yakazidi. Mwanawe alikufa, akanywa kila siku kwa miezi miwili, na siku moja, kwa haya, akajifungia chumbani na kuacha ghafula, bila kumwambia mtu. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata asiweze kushika kikombe. Usiku aliona siafu ukutani, akawa akiwaondoa kwa mkono, wala siafu hawakuwako. Mkewe alidhani ni uchawi. Kwa bahati jirani mmoja, muuguzi, alikuja akasema, "Mama, hii si uchawi, hii ni pombe inayotoka. Twende hospitali sasa hivi." Daktari alimpa dawa ya kutuliza mwili na vitamini, akamlaza siku sita. Alituambia jambo ambalo hatukulijua: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akiacha ghafula peke yake, aweza kushikwa na kifafa na hata kufa, na hatari ni kubwa katika siku tatu za kwanza. Twaliandika hapa ili lisomwe na mwenye baba nyumbani. Nia njema ya mzee huyu ilikaribia kumwua.

Alipotoka hospitali alikuwa amekonda, na alikuwa na woga. Wakati ule tulimsimulia habari za Matt Talbot, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi kama yeye. Alizaliwa Dublin, katika Ireland, mwaka 1856, akaanza kunywa akiwa mtoto wa miaka 12, na mshahara wake wote ulikwenda kwa mwenye baa. Mwaka 1884, baada ya kukosa kazi juma zima, alisimama siku ya malipo nje ya baa akiwangoja wenzake waliotoka kulipwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewanywesha mara nyingi. Walipita wote, hata mmoja hakumwita ndani. Akarudi nyumbani kabla ya giza, mama yake akashangaa. Siku hiyo akaapa kutokunywa kwa miezi mitatu. Ilipoisha akaongeza, na hatimaye akaapa kwa maisha. Aliendelea kuwa mchukuzi wa mizigo na mtu wa ghala la mbao hata uzee, akafa mwaka 1925, na mwaka 1975 Kanisa lilimpa cheo cha Mheshimiwa. Mzee wetu hakuuliza habari za cheo. Aliuliza, "Jioni alikuwa akienda wapi?" Swali hili lilitushangaza, kumbe ndilo lenyewe. Talbot, saa aliyokuwa akienda baa, alikwenda kukaa kanisani. Na fedha hakuzitembeza mfukoni. Alijitafutia ua mwingine.

Tulimsimulia pia habari za Wamarekani wawili, Bill Wilson, dalali wa hisa, na Bob Smith, daktari. Mwaka 1935 Wilson alikuwa ugenini katika mji wa Akron, Ohio. Hakuwa amekunywa kwa miezi kadhaa, lakini biashara ilikuwa imemwendea vibaya, naye alisimama katika ukumbi wa hoteli akisikia kelele za baa. Hakukimbia kwa mhubiri amkemee. Alipiga simu akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, maana aliona kwamba akizungumza na mwenye shida ile ile, yeye mwenyewe hatakunywa. Akapelekwa kwa daktari Smith. Kutoka mazungumzo hayo ulianza umoja wa Alcoholics Anonymous, ambao leo umeenea katika nchi nyingi. Hauna kiapo cha maisha. Mtu hujihesabia siku ya leo tu.

Basi mzee wa Katuba akatafuta mwenzake. Hakwenda mbali. Katika barabara ya pili alikaa mzee mwingine wa tanuru, naye alikuwa wa bahasha ya 2003, naye alikuwa na tarehe 30 yake. Wazee hao walianza kukutana saa nane mchana, saa ambayo zamu ya asubuhi ilikuwa ikitoka kiwandani. Hawakuiita chama wala hawakuweka mwenyekiti, na twashukuru, maana kwetu chama kikiwekwa mwenyekiti huzaliwa na magomvi. Wamekodi kipande cha shamba nje ya mji, hupanda mahindi na mboga za lengalenga. Mwisho wa mwezi hukaa pamoja tangu saa nane hata jua lizame. Hunywa chai. Munkoyo pia hunywa, lakini ule uliopikwa leo. Munkoyo wa siku moja ni mtamu na wa watoto, wa siku ya tatu umeanza kuwa kitu kingine, na mkewe huuonja kwanza.

Tusiwadanganye wasomaji. Mwaka wa kwanza mzee wetu alianguka mara nne. Mwenzake alianguka mara nyingi zaidi, na safari moja walianguka wote wawili pamoja, wakaonekana wakiimba nyimbo za kambi barabarani. Watu wa mtaa walisema, "Tazameni dawa yao!" Kesho yake saa nane walikuwa wameketi tena chini ya mwembe, kila mmoja akimwonea mwenzake haya. Tangu hapo tumeacha kumpelekea mzee chupa kwenye sikukuu. Tulipata shida kulizoea jambo hili dogo. Mara mbili tulifika mlangoni pake na chupa mkononi, kwa desturi tu, tukarudi nayo.

Mwezi uliopita, tarehe 30, mwenzake alikuwa amekwenda Likasi kwenye msiba. Mzee akaja kwetu peke yake saa nane kasoro, shati safi mwilini. Tulimpa kiti barazani na chai. Hakuzungumza sana. Kijana wa jirani alipita akitembeza simu zake za kuuza, kisha wasichana wakipeleka maji, kisha muziki ukaanza kwenye baa ya pembeni, na mzee akaweka kikombe chini. Tulimsimulia habari za mvua. Akaitika tu. Jua lilipokuwa limeshuka nyuma ya nyumba akauliza ni saa ngapi. Tukamjibu kwamba saa kumi na mbili imepita.

"Aa," akasema, akasimama na kuchukua kofia yake. "Basi wameshafunga dirisha la mshahara." Akatuaga, akafuata barabara ya kwake.